Kizingiti Nilichokibomoa

Jumapili, jioni. Mvua ya mawe imepita, yamebaki manyunyu.

Shajara, leo nimepata kile nilichokiomba kwa miezi yote hii, na nimekaa hapa jikoni kama mtu aliyefiwa.

Tata amelala. Si kule juu nyumbani kwake, ni hapa kwangu, katika chumba nilichokichora na kukijenga kwa ajili yake. Namsikia akikoroma upande wa pili wa ukuta. Anakoroma vizuri, kama mtu aliyeshiba na miguu yake imekauka. Kila akivuta pumzi namshukuru Mungu, na kila akiitoa nataka kulia. Kerubo, mke wangu, anakatakata mboga ambazo hatutazila zote. Tangu arudi nyumbani ameniuliza swali moja tu.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza, Tata ni baba yangu. Huku kwetu Kisii neno "baba" maana yake ni mama. Usicheke, ndivyo lugha yetu ilivyo. Baba mzazi ndiye tata. Nikiwa darasa la nne niliandika kwenye insha ya Kiswahili kwamba baba yangu hufunga leso kichwani na kutunyonyesha mmoja baada ya mwingine. Mwalimu alikuwa mtu wa kutoka Machakos. Alinisimamisha mbele ya darasa nimfafanulie, na mimi nikafafanua bila wasiwasi wowote, nikiona ni yeye asiyeelewa mambo ya kawaida.

Nimekumbuka hilo leo kwa sababu yote yaliyotokea mchana huu yametokea kwa Kiswahili.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi huchora ramani za nyumba. Nina ofisi ndogo Nyamira mjini, juu ya duka la mbolea. Watu huniletea picha ya jumba waliloliona kwenye simu, wanataka niliingize kwenye kipande cha shamba ambacho ukijinyoosha usingizini unamgusa jirani. Nawachorea. Nimechora vyumba vya wageni, vya watoto, hata vya magari ambayo bado hayajanunuliwa. Chumba cha mzee anayesahau hakuna aliyewahi kuniagiza, na mimi mwenyewe sikuwahi kuwaza kwamba kuna kitu kama hicho.

Tata alianza kusahau baada ya mama kufariki. Kwanza tulidhani ni majonzi. Akawa anachuma majani chai asubuhi, anasahau kuyapeleka kituoni, yananyaukia kwenye kikapu. Siku moja alipatikana sokoni Mosocho, mbali na nyumbani, akiulizia duka la Mhindi lililofungwa kabla mimi sijazaliwa. Tukampeleka Kisii hospitalini. Daktari akatuambia ubongo wake unaugua, kwamba huu si uzee tu, na kwamba hakuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa. Tunachoweza, alisema, ni kuyafanya mazingira yake yawe mepesi kwake. Mimi nilisikia neno "mazingira" nikadhani ni kazi yangu, kwamba hapo ndipo ujuzi wangu ulipo.

Jina langu lilimtoka mwaka jana. Alianza kuniita kwa jina la mdogo wake aliyekufa, baadaye akaacha kuniita kabisa.

Hayo yote tungeyavumilia. Lakini akaanza kutembea usiku. Alfajiri moja jirani yetu alifungua mlango akamkuta Tata amesimama kando ya banda la ng'ombe, ana shati tu na buti moja. Yule mama anamfahamu tangu zamani, akamfunika shuka na kumleta. Alifanya wema, Mungu ambariki. Ila wiki hiyohiyo nilipopita kituo cha majani chai, mazungumzo yalikatika nilipofika, na mtu mmoja akaniuliza, huku akitazama pembeni, kama mzee wangu hulala usiku.

Huku kwetu mzee anayekutwa ndani ya boma la watu kabla jua halijatoka hasemwi kuwa mgonjwa. Anaitwa omorogi, mchawi, na wapo wazee waliochomewa ndani ya nyumba zao kwa sababu ya neno hilo. Si hadithi za kale. Ni mambo ya juzi na ya jana.

Kwa hiyo ilibidi Tata alale mahali ambapo kuna mtu wa kumsikia akiamka. Nilijaribu kulala kwake. Akiamka alinifukuza kwa fimbo, akisema mwanamume aliyetahiriwa halali chini ya paa la wazazi wake. Tukamtafutia mtu wa kulala kwake, akampigia mayowe ya mwizi mpaka kijiji kizima kikaja na mapanga. Yule mtu hakurudi hata kuchukua blanketi lake.

Ikabaki nyumba yangu, ambayo iko chini kidogo ya kwake, tumetenganishwa na mistari ya chai na migomba.

Nilikichora chumba hicho kwa moyo wangu wote, Shajara. Kabla ya kushika penseli nilishinda naye siku kadhaa nikimfuata kimyakimya, nikiangalia macho yake yanakwama wapi. Alikuwa anaogopa sakafu ya vigae inayong'aa, kama ile ya hospitalini, anadhani ni maji, anaikanyaga kwa kidole gumba kama mtu anayepima mto. Ile mikeka myeusi ya kupangusia miguu anaiona ni shimo, anairuka. Na kioo cha kabati kilimpa mgeni. Kila asubuhi alimsalimia yule mzee wa kwenye kioo, na siku moja akamlalamikia Kerubo kupitia dirishani kwamba mgeni amekaa muda mrefu na hakuna anayempa chakula. Kerubo alikwenda kucheka nyuma ya nyumba. Alirudi macho mekundu, na sikuwa na hakika ni ya kicheko.

Basi sakafu nikaipiga saruji nyekundu isiyong'aa, kama ile ya nyumba tuliyokulia. Choo nikakisogeza ili akiwa kitandani akione moja kwa moja, mlango wake nikaupaka manjano iliyoiva, na kiti cha choo nikatafuta cha buluu, kwa sababu cheupe juu ya vigae vyeupe alikuwa hakioni, analenga pasipo. Kioo hakuna. Dirisha nimelishusha chini kuliko kawaida ili akiketi kitandani aone chai yake na njia inayopanda kwake, asidhani amefungwa ugenini. Swichi ya taa nimeizungushia rangi. Kikapu chake cha kuchumia nimekitundika karibu na mlango, mahali ambapo mkono wake hukitafuta.

Na kizingiti nikakibomoa. Mlango wangu wa mbele ulikuwa na kizingiti cha saruji, kile cha kuzuia maji ya mvua, na Tata huburuta mguu wa kushoto. Nilichukua nyundo na tindo nikakivunja mwenyewe, nikasawazisha mpaka huwezi kujua kama pale palikuwa na kitu. Fundi alisema maji yataingia. Nikamwambia yaache yaingie.

Kisha nikaenda kumchukua Tata.

Alishuka nami bila ubishi, nimemshika mkono. Tulipofika mlangoni akasimama. Miguu yote miwili ilisimama palepale kizingiti kilipokuwa, kana kwamba bado kipo.

"Hii ni nyumba ya mtoto wangu," aliniambia kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii. "Siingii."

Nieleze tena kwa walio mbali. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, ni heshima, ni mpaka kati ya mzazi na mtoto wake mtu mzima. Mzee wa mila haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna ugomvi hapo. Humo ndani mna kitanda cha mwanawe na mkwewe, na macho yake hayapaswi kukifikia. Siku hizi wengi wameacha, hasa mjini, wanaingia na kutazama mpira. Tata hakuacha. Alikuja siku nilipoezeka mabati, akala nyama ya wajenzi uani, akaisifu nyumba kwa nje, upande kwa upande. Tangu hapo akija alikuwa anasimama kwenye ua wa miti, anakohoa, na mimi nampelekea kiti na chai. Miaka yote hiyo hajawahi kujua kochi langu lina rangi gani.

Nilidhani ugonjwa utakuwa umemtoa hilo pia. Amesahau mazishi ya mama, amesahau kufunga suruali. Nani angefikiri ensoni itabaki?

Nikajifanya mjanja. Nikatoboa ukuta wa nje, nikaweka mlango wa chumba peke yake, asipite sebuleni wala asione mlango wetu wa kulala. Nikamleta kwa njia ya nyuma. Aliuangalia mlango, akauangalia ukuta, akainua uso mpaka juu.

"Paa ni moja," alisema.

Mtu hajui leo ni siku gani, lakini kwenye ramani ananishinda.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimpandishia sauti, nikamwambia atauawa na watu kwa ukaidi wake, nikaupiga ngumi mlango wangu mpya. Yeye akanitazama kwa upole, akaniuliza kama nimekula. Kerubo alinivuta pembeni. Akaniambia, "Kwani huoni? Jina lako halijui, lakini akifika hapo mlangoni anajua wewe ni wake."

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa mioyo miwili. Kila jioni nilimleta mpaka mlangoni, nikimwomba Mungu aingie. Na kila jioni aliposimama pale na kusema hii ni nyumba ya mtoto wangu, kitu kifuani mwangu kililegea kwa furaha. Pale tu, Shajara. Mahali pengine pote nilikuwa mtu yeyote. Kwenye ile hatua moja ya saruji nilikuwa mwanawe.

Usiku nilikuwa naamka kwenda kumchungulia dirishani kwake, nikirudi nimelowa umande. Hatungeendelea hivyo, na mimi na Kerubo tulilijua hilo.

Sasa leo.

Kerubo alikwenda kumwona mgonjwa baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa sebuleni na ramani ya mtu mezani. Mvua ilianza ghafla, kisha mawe, makubwa, yanapiga mabati mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Nikafikiria chai itakavyopasuliwa, kisha nikamfikiria Tata, nikasimama kutafuta mwavuli. Nilipofungua mlango yeye alikuwa anakuja, anashuka kati ya migomba mikono yake ikiwa juu ya kichwa. Akafika upenuni, anatetemeka. Nikageuka kumchukulia kiti chake cha siku zote, ili nimweke pale nje ukutani ambapo mawe hayafiki.

Nilipogeuka tena na kiti mkononi, alikuwa ndani.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule yangu, anajikung'uta maji. Hakusita hata kidogo. Alipita pale mahali kama anavyopita popote.

"Hodi, mwenye nyumba," akasema. "Nisaidie kukinga mvua kidogo. Hii mvua iko na mawe."

Kwa Kiswahili.

Sijui nitalielezaje hili kwa mtu wa Pwani au wa Nairobi. Sijawahi kuzungumza Kiswahili na Tata tangu nizaliwe. Kiswahili kwake ni cha polisi, cha karani wa kiwanda, cha mtu wa mbali anayeuliza njia. Nyumbani ni Ekegusii, kanisani ni Ekegusii, hata akinigombeza ni Ekegusii. Kiswahili huwapa wasio wake. Na sasa alikuwa amesimama karibu nami, ndevu zinadondosha maji, ananipa Kiswahili kwa adabu zote anazompa mgeni.

Nikasikia mdomo wangu ukimjibu, "Karibu, mzee. Keti."

Akaketi kwenye kochi. Akalipapasa mkono, akalisifu. Nikamvua mabuti, nikamfunika blanketi, nikamtilia chai. Alikunywa mezani kwangu, akiangalia huku na huku kama mtu aliyelipia kuona. Nilitaka kumwonyesha kila kitu. Nilitaka kumwambia, tazama, ile picha ni mimi na wewe siku nilipomaliza chuo.

"Wewe ni mtu ya wapi?" akaniuliza.

"Natoka Nyamira," nikasema. Si uongo sana.

"Nyamira. Watu ya huko ni wazuri." Akanywa chai. "Hii nyumba nani alikujengea?"

"Niliichora mwenyewe. Ndiyo kazi yangu, mzee. Kuchora nyumba."

Akaweka kikombe chini, uso ukamchangamka.

"Ata kijana yangu anachora! Anachora nyumba ya watu, wanatoka mbali wanakuja kwake. Ni mtu ya maana sana, huyo."

Shajara, katika maisha yangu yote Tata hajawahi kunisifu mbele yangu. Mzee hamsifu mwanawe machoni pake, hilo nalo limo katika heshima zetu. Nilizoea kusikia kwa watu kwamba amenisifu mahali fulani, kwenye harambee au msibani. Sasa nilikuwa nimekaa mahali fulani, nasikia mwenyewe.

"Una kijana," nikasema.

"Niko naye. Amejenga nyumba nzuri kama hii. Lakini ndani sijui." Akatikisa kichwa. "Sisi kwetu mzee hawezi ingia kwa kijana yake. Tuko na ensoni. Wewe wa Nyamira unajua hiyo mambo."

"Najua."

"Basi mimi nasimama inje. Naangalia dirisha. Najiuliza, sasa huyu analala wapi? Kiti yake iko namna gani? Siwezi jua." Akapapasa kochi tena. "Usiku nikikosa usingizi naenda kuangalia kama ako. Nataka tu kusikia akikohoa, nirudi. Lakini giza inanisumbua. Naingia kwa boma ya watu."

Nilikitua kikombe changu mezani.

Miezi yote tumehesabu kutembea kwake kuwa ugonjwa. Tumefunga makomeo, tumeficha mabuti. Kumbe alikuwa anakuja kwangu. Alikuwa anaushuka mteremko kusikiliza ukutani kama mtoto wake yuko hai, kisha anapotea njiani.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipokwama tangu mchana. Nilikuwa nalo neno. Lilikuwa limefika kwenye meno. Ningesema tu "Tata, ni mimi," kwa lugha yetu, na nina hakika angenijua. Sauti yangu ya Ekegusii ndiyo anayoijua, ndiyo iliyokuwa inamsimamisha mlangoni. Angenijua, na angeangalia alipo, kwenye kochi la mwanawe, hatua chache kutoka kitanda cha mwanawe, na angeona haya kubwa kuliko zote za maisha yake. Angesimama hapohapo bila mabuti na kutoka kwenye mawe. Na asingerudi.

Nilitaka sana, sana anijue. Hata kwa dakika moja. Nilikaa nimefumba mdomo kama mtu aliye na jino bovu.

"Mzee," nikasema kwa Kiswahili, "kijana wako mzima. Namfahamu."

"Unamjua?"

"Tunafanya kazi moja."

Akanisogelea. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikono ya kuchuma chai, mikavu, ina nyufa nyeusi.

"Basi mwambie mimi siwezi ingia kwake. Lakini yeye anaweza kuja kwangu. Mwambie akuje. Amekaa sana, hajakuja."

Jana nilikuwa kwake. Juzi nilikuwa kwake. Nimemwosha miguu mimi.

"Nitamwambia," nikasema.

"Usisahau."

"Sitasahau, mzee."

Alikuwa amechoka. Nikamwambia kuna chumba cha wageni, apumzike mvua ikatike. Akanifuata kwenye korido bila kuuliza paa ni la nani. Na kila kitu kilifanya kazi, Shajara, kila kitu, ningekuwa na mteja angenipongeza. Sakafu aliikanyaga bila hofu. Mlango wa manjano aliuona, akauendea mwenyewe, akatumia choo sawasawa, akatoka. Akaketi kitandani, akaangalia dirishani, akaona chai yake imepigwa na mawe na akaisikitikia. Mkono wake ukakipata kikapu, akakigusa, akakiacha. Kisha akalala.

Mimi nikarudi sebuleni nikasimama pale kizingiti kilipokuwa. Fundi alisema kweli, maji yalikuwa yameingia. Nikayapiga deki.

Kerubo alirudi jioni hii, amelowa. Alipoona mabuti ya Tata ndani alivua viatu vyake polepole. Hata kwake hii si rahisi. Mkwe kulala chini ya paa moja na mke wa mwanawe, mama yake Kerubo akisikia atafunga safari kuja kutuuliza. Nikamwonyesha kwa kidole chumbani. Ndipo akaniuliza lile swali lake moja.

"Amekuitaje?"

"Mwenye nyumba."

Akanifuta uso na kanga aliyokuwa amejitanda, ingawa yeye ndiye aliyelowa, kisha akaenda kuzikata mboga.

Nilipomwambia yaliyobaki, alifikiri, halafu akasema jambo la maana kuliko yote niliyosoma kuhusu ugonjwa huu. Alisema, "Akiamka nitamkaribisha kwa Kiswahili. Nikimsemesha Kikisii atajua mimi ni mke wa nani, naye atatoka."

Nimeifikiria kauli hiyo mpaka sasa. Nilipaka rangi milango, nikapima madirisha, nikabomoa saruji. Sikujua kwamba lugha nayo ni sehemu ya nyumba, kwamba inaweza kumfungia mtu nje au kumweka ndani. Ili Tata awe salama hapa itabidi mimi na mke wangu tuwe wageni ndani ya nyumba yetu. Tutasema Kiswahili mezani, Kiswahili tukimwombea chakula, Kiswahili tukimfunika shuka. Kuna maneno sina kwa Kiswahili. Sijui namna ya kumwambia mtu nimemkosa wakati nimemshika mkono.

Nimemkosa baba yangu, na yuko nyuma ya ukuta huu.

Confession ya leo, kama wanavyosema vijana: sehemu yangu moja inataka asubuhi aamke, ajue alipo, akasirike, anigombeze kwa Ekegusii na kuondoka. Nimekiri. Sehemu nyingine imekwenda kuhakikisha dirisha limefungwa asipigwe na baridi.

Nimeamua hivi. Chumba hicho hatutakiita tena cha Tata. Ni cha mgeni. Kila jioni mtu wa Nyamira atasimama mlangoni na kumkaribisha mzee anayepita, kuwe na mvua kusiwe. Asubuhi akishakunywa chai nitamsindikiza mpaka kwake juu, nitamuaga kwa Kiswahili, nitashuka. Halafu nitazunguka kwa njia ya mtoni, nitabadilisha koti, nitatokea langoni kwake na kukohoa kama yeye alivyokuwa akikohoa kwangu, na nitamsalimia kwa lugha yetu. Nitakuwa kijana aliyepata ujumbe.

Huenda asinijue. Nitaketi naye tu, tuangalie chai.

Lakini huenda akanijua. Huenda akainua uso na kusema, umekuja. Na namfahamu Tata, jambo la kwanza atataka kujua ni nilikuwa wapi siku zote hizi. Nimelikalia swali hilo tangu mvua ikatike. Nitamwambia nilikuwa wapi?